Vitenzi vya Porini

Katika maelezo ya wanyamapori, kitenzi hubeba mzigo mkubwa kuliko kivumishi. Sentensi "chui alimwendea swala polepole" haina kosa la sarufi, ila haionyeshi kitu. Chui anayevizia ametulia mahali pamoja, labda nyuma ya kichuguu katika Pori la Akiba Swagaswaga mkoani Dodoma, akingoja windo lisogee. Anayenyemelea anasogea yeye. Anayenyata anajulikana kwa namna anavyokanyaga, hata kama hakuna anayewindwa. Lakini kitenzi hicho kikipata kauli ya kutendea, kikawa kunyatia, msomaji anajua papo hapo kwamba mbele yake kuna windo. Anayevichanganya vitenzi hivi bado hajaamua chui wake yuko wapi.

Uchaguzi huanza kwa kumtazama mnyama, kamusi baadaye. Tembo wa Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, iliyoanzishwa mwaka 1964, ni mfano mzuri. Kiangazi, mito ya mchanga inapokauka, kuandika kwamba "tembo alitafuta maji" ni kuruka kisa chote. Tembo hukwangua mchanga kwa mguu wa mbele, huutupa kando kwa mkonga, hungoja maji yajikusanye shimoni, kisha huyafyonza na kujimiminia kinywani. Mkonga huchota tu. Kinachokunywa ni kinywa. Na mibuyu yenye makovu huko huko? Ameibandua magome kwa pembe.

Viambishi navyo vina uzito. Hu- hueleza tabia ya tembo wote. -Ka- humfuata tembo mmoja, tukio baada ya tukio: akakwangua, akachota, akafyonza.

Simba hupewa kunguruma kupita kiasi. Sehemu kubwa ya mchana hujilaza kivulini, hugaagaa, hupiga miayo, na vitenzi hivyo vya uvivu humfaa zaidi.

Hatari kubwa imo katika vitenzi vilivyoazimwa kwa binadamu. Fisi husemwa anacheka, ilhali sauti hiyo humtoka hasa anapofukuzwa au kushambuliwa, au wanapogombea mzoga. Husemwa pia anachechemea. Miguu yake ya mbele ni mirefu kuliko ya nyuma, mgongo umeteremka, basi mwendo wake huonekana wa kilema hata akiwa mzima. Kuchechemea ni kitenzi cha fisi aliyeumia mguu.