Safari ya Treni Yenye Vituo Vingi: Tuanze na Kalenda

Mavuno yakisha kuingia ghalani, wengi wetu tunapata nafasi ya kupumua. Ndio wakati wa kwenda kuwaona ndugu. Lakini ndugu siku hizi hawakai mahali pamoja. Binti ameolewa Morogoro, rafiki wa siku nyingi yuko Tabora, dada mkubwa yuko Kigoma. Mtu hujiuliza: je, naweza kuwaona wote katika safari moja, nikapumzika na kutazama miji, kisha nikarudi kabla ya kuanza kuandaa shamba?

Inawezekana. Reli ya Kati inapita kote huko. Ujenzi wake ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, wakati wa Wajerumani. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tawi la kutoka Tabora kwenda Mwanza lilikamilika mwaka 1928, wakati wa Waingereza. Kutoka Dar es Salaam mpaka Kigoma ni kama kilomita 1,250.

Basi, ndugu msomaji, chukua daftari na kalamu. Safari ya namna hii haipangwi kichwani.

Vituo vya saa na vituo vya siku

Watu wengi wakipanga safari huuliza kwanza: ni kilomita ngapi? Kwa treni, hilo siyo swali la kwanza. Swali la kwanza ni hili: nikishuka hapa, treni inayofuata itapita lini?

Tuchukue mfano wa mzee na mkewe wanaoanza safari Dar es Salaam. Tangu mwaka 2024 kuna treni ya umeme, ile ambayo watu huiita SGR. Ilianza kwenda Morogoro mwezi wa Juni mwaka huo, na Dodoma mwezi wa Julai. Treni hiyo husafiri mara kadhaa kwa siku. Kwa hiyo wazee wetu wanaweza kushuka Morogoro asubuhi, wakamwona binti yao, wakaitazama milima ya Uluguru, wakalala, na kesho yake wakaendelea na Dodoma. Wakitaka, wanaweza hata kuondoka jioni ile ile. Morogoro ni kituo cha saa.

Kutoka Dodoma kwenda mbele, mambo hubadilika. Reli mpya ya kwenda Tabora na Mwanza bado inajengwa, kwa hiyo hapo tunapanda treni ya zamani. Nayo haipiti kila siku. Ina siku zake katika wiki, na siku hizo hubadilika mara kwa mara. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba treni ya Kigoma inapita Tabora Jumatatu na Ijumaa. (Siku hizi tumezitunga ili tufanye hesabu. Msizishike. Ulizeni stesheni.) Wazee wakishuka Tabora Jumatatu, watakaa mpaka Ijumaa. Hizo ni siku 4 za kulala. Wakishuka Ijumaa, watakaa mpaka Jumatatu, siku 3 za kulala. Hata kama salamu za rafiki zinatosha kwa siku moja, treni haitawafuata. Tabora ni kituo cha siku.

Sasa tupige hesabu ya fedha. Tuseme nyumba ya wageni ni shilingi 15,000 kwa usiku, na chakula cha watu wawili ni shilingi 10,000 kwa siku. Siku 4 ni shilingi 60,000 za kulala na shilingi 40,000 za chakula. Jumla shilingi 100,000. Weka bei za huko unakokwenda, uone jibu lako. Ukifikia kwa rafiki, fedha ya kulala unaiokoa. Lakini sote tunajua kwamba mgeni hawezi kukaa siku 4 nyumba ya watu mikono mitupu. Andika pia kilo za sukari na mchele.

Tena kuna nauli. Usidhani kwamba tiketi moja ya mpaka Kigoma inakuruhusu kushuka Tabora, ukakaa, kisha ukapanda treni nyingine kwa tiketi ile ile. Tiketi ni ya treni moja ya siku moja. Anayetaka kushuka njiani akate tiketi mbili: moja ya kufika Tabora, nyingine ya kutoka Tabora. Kabla ya kulipa, muulize karani bei za vipande viwili, kisha ulize bei ya safari nzima. Tofauti iliyopo ni gharama ya kile kituo cha ziada, nayo iandikwe daftarini.

Kubadili treni Dodoma

Baadhi ya watu hushangaa: kwa nini treni moja isitoke Dar es Salaam kwa umeme, ikaendelea moja kwa moja mpaka Kigoma? Sababu iko kwenye vyuma vyenyewe. Reli ya zamani ina upana wa mita 1 kutoka chuma hadi chuma. Reli mpya ina upana wa mita 1 na sentimita 43 na nusu. Magurudumu ya moja hayawezi kukaa juu ya nyingine. Ndiyo maana tunashuka.

Tena hatushuki na kuvuka upande wa pili tu. Stesheni mpya ya Dodoma iko mbali na ile ya zamani iliyo mjini. Morogoro nako ni hivyo hivyo: stesheni mpya iko Kihonda. Weka nauli ya bajaji au daladala katika hesabu yako, na muda wa kutosha. Sisi tunashauri mtu alale Dodoma usiku mmoja kuliko kukimbizana na mizigo kati ya stesheni mbili. Mji wenyewe unastahili. Ukienda msimu wa zabibu utazila kwa bei nzuri.

Usisahau kitambulisho. Treni ya umeme inakitaka.

Saa za tiketi

Hapa tutakaa kidogo, maana jambo hili lilitugharimu sisi wenyewe.

Tiketi na ratiba huandika saa kwa kuhesabu kutoka usiku wa manane, siyo kutoka jua linapochomoza kama tunavyohesabu sisi. Ukiona 14:00, toa 6: ni saa 8 mchana. Ukiona 21:00, toa 18: ni saa 3 usiku. Ukiona 02:10, ongeza 6: ni saa 8 na dakika 10 usiku. Kwa ufupi, kuanzia 07:00 mpaka 18:59 tunatoa 6. Kuanzia 19:00 mpaka 23:59 tunatoa 18. Kuanzia 00:00 mpaka 06:59 tunaongeza 6. Jizoezeni na nambari chache nyumbani, mpaka mkono uzoee.

Saa tuliijua vizuri. Kilichotushinda ni siku.

Miaka kadhaa iliyopita tulimsindikiza mama yetu kwenda Kigoma kumwona dada yake. Walikuwa hawajaonana kwa miaka 19. Tulipumzika Tabora njiani, kwa kuwa mama alichoka na miguu ilimvimba. Tiketi yetu ya kutoka Tabora iliandikwa Jumatano, saa 01:40. Tukaongeza 6, tukapata saa 7 na dakika 40 usiku. Vizuri kabisa.

Jumanne jioni mama alianza kufunga vitu vyake. Tukamwuliza, mama, mbona mapema? Akasema, "Si mmesema usiku wa Jumatano? Usiku wa Jumatano ndio huu." Tukacheka. Tukamwambia leo ni Jumanne, mama, treni ni kesho usiku. Yeye alikuwa amemaliza kisomo mwaka ule tu, na sisi ndio tuliokuwa tumesoma chuo. Akanyamaza, akafungua tena mzigo wake.

Mama ni mtu wa pwani. Pwani siku huanza jua linapotua. Usiku wa Jumatano ni ule unaoitangulia Jumatano. Kumbe tiketi nayo, kwa njia yake, ilikuwa ikisema vivyo hivyo: siku yake huanza saa 6 usiku, kwa hiyo Jumatano 01:40 ni usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano. Kesho yake usiku tulipofika stesheni na mizigo yetu, mlinzi aliitazama tiketi kwa kurunzi, akatuambia treni imekwenda tangu jana.

Tulingoja siku 3 nzima. Tulikata tiketi upya. Mama alikuwa amepanga kukaa na dada yake siku 7, akapata 4. Hakutulaumu. Alisema neno moja tu, kwamba dada yake alikuwa amepika.

Kwa hiyo ukiona saa yoyote kati ya 00:00 na 06:00, andika daftarini siku mbili: "Jumanne kuamkia Jumatano." Halafu andika siku ya kufika stesheni: "Jumanne jioni." Msomee mwenzako. Na akikuuliza swali, msikilize.

Jinsi ya kuchora mpango

Chora mistari kama ya kalenda, siku 14 au zaidi. Anza na siku isiyoweza kusogea. Labda ni arusi ya mtoto wa dada tarehe 20. Labda ni siku ya kurudi kazini. Iandike kwa kalamu ya wino.

Kisha andika siku za treni ya zamani, kama ulivyoambiwa stesheni wiki hiyo. Hizo nazo ni za wino. Yaliyobaki yote yaandikwe kwa penseli, maana utayafuta.

Sasa rudi nyuma kutoka ile siku isiyosogea. Kama arusi ni tarehe 20, usipange kufika tarehe 20. Usipange hata tarehe 19. Treni ya zamani huchelewa saa nyingi, na pengine njia huharibika. Kati ya Kilosa na Gulwe, Mto Mkondoa ukijaa huila reli. Mafuriko ya mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliikata njia hiyo, na safari zikasimama kwa miezi. Sasa tunapita kipande hicho kwa reli mpya, lakini mvua haikosi pa kuharibu. Afadhali kusafiri kati ya Juni na Oktoba, wakati wa kiangazi. Hata hivyo, acha siku 2 za akiba kabla ya shughuli yenyewe.

Baada ya hapo ndipo tuweke vituo vya ziada. Angalia nafasi iliyobaki kati ya treni na treni. Ikiwa siku 3 au 4 zinaingia bila kugusa siku za akiba, kituo hicho kinafaa. Kama hazitoshi, kifute. Inauma, lakini kifute.

Tukiulizwa ni kituo gani cha kuchagua, tutasema Tabora kabla ya kingine chochote. Ni mahali pa kunyoosha mgongo baada ya usiku wa kutoka Dodoma. Kuna asali nzuri, na mji una vivuli vya miembe. Karibu na mji, huko Kwihara, kuna tembe alilokaa Dk. Livingstone mwaka 1872. Hapo Tabora ndipo reli inapogawanyika, moja ikienda Kigoma na nyingine Mwanza, kama kilomita 380. Hivyo kabla ya kupanda uliza: behewa hili ni la wapi? Waliolala usingizi katika behewa lisilo lao wanajua wenyewe walikoamkia.

Wapo watakaotaka Kigoma na Mwanza zote katika safari moja. Kwenye ramani inaonekana rahisi, lakini ni lazima kurudi Tabora na kungoja tena. Mwenye wiki 3 ajaribu. Mwenye wiki 2 achague moja, mwaka mwingine aende nyingine.

Vituo vidogo havina haja ya kushukia. Treni inaposimama Saranda, wauzaji wa kuku na vyakula wanakuja dirishani. Uvinza, karibu na mwisho wa safari, ni mahali pa chumvi. Nunua ukiwa umekaa, shika fedha ndogo ndogo mkononi, na pokea kitu kabla ya kutoa noti. Kwa wazee, tafuteni tiketi ya behewa la kulala mapema, maana vitanda huisha. Mara nyingi wanaume na wanawake hulala vyumba mbalimbali, kwa hiyo chakula na dawa za mama zisikae kwenye begi la baba.

Kigoma ukifika, Ujiji ni karibu, hata daladala zinakwenda. Ndipo Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, na pana jumba la makumbusho.

Lakini kabla ya Ujiji, kabla hata ya kutoka stesheni, mmoja wetu abaki na mizigo, na mwingine aende dirishani kuuliza treni ya kurudi ni siku gani, saa ngapi, na usiku wa kuamkia siku gani.