Hesabu ya Teki ya Tisa

Sauti ya kwanza kwenye albamu ya kwanza ya The Beatles si ya gitaa wala ya ngoma. Ni Paul McCartney anahesabu moja hadi nne, na hiyo nne anaitoa kwa kishindo kama mtu aliyechoka kusubiri. Bendi inaingia, na I Saw Her Standing There umeanza. Hesabu ya namna hii ni ya wapigaji wenyewe, waingie pamoja, na kwa kawaida huondolewa kabla santuri haijachapwa. Prodyuza George Martin aliibakisha. Isitoshe, aliitoa kwingine: hesabu tunayoisikia ni ya teki ya 9, yaani jaribio la tisa la kurekodi, na muziki unaoifuata ni wa teki ya 1.

Naupenda wimbo huu kuliko nyimbo zao nyingi zilizosifiwa zaidi, na kazi yangu ya kurekodi bendi ndiyo iliyonifanya niupende. Unasikika kana kwamba umetoka kwa mpigo mmoja. Ndani yake mna kazi ya miezi jukwaani, na mna kiungo kimoja cha utepe kilichowekwa mahali panapostahili.

Ulitungwa mwishoni mwa 1962. McCartney alikuwa na miaka 20, John Lennon 22, na mahali palikuwa sebule ya akina McCartney, nyumba namba 20, Forthlin Road, Liverpool. Waliandika kwenye daftari la shule, magitaa mapajani. Mike, mdogo wake Paul, aliwapiga picha wakiwa kazini. McCartney alikuja na mwanzo: msichana wa miaka 17, na kwa ajili ya kina cha mstari wa pili, jambo la malkia wa urembo. Lennon aliukataa mstari huo papo hapo. Ule waliouweka badala yake hausemi lolote la wazi. Unamkonyezea msikilizaji jicho na kumwachia amalizie mwenyewe. Wimbo mzima unapata tabia yake hapo, na ndiyo maana nasema mwenzako wa kutunga ana thamani kubwa kuliko kinanda chochote utakachonunua.

Besi yake ilitoka kwa Chuck Berry. McCartney amekiri waziwazi kwamba aliichukua ile ya I'm Talking About You, wimbo wa 1961, kwa sababu ilikaa sawasawa na wa kwake. Haikuwa ajabu. Wimbo wa Berry ulikuwa kwenye orodha yao ya jukwaani, na nyimbo zote mbili zinasikika kwenye utepe wa kienyeji uliorekodiwa klabu ya Star-Club, Hamburg, Desemba 1962. Vidole vilikuwa vimekwisha kuizoea hiyo njia.

Pamoja na mkopo huo, kuna kitu ambacho Berry asingekiweka. Wimbo uko kwenye E na unatembea juu ya kordi tatu ambazo kila mpiga rock and roll alizijua: E, A na B. Halafu, sauti zinapopanda juu na kuwa nyembamba kuelekea mwisho wa ubeti, kordi ya C inatokea. C si ya familia ya E. Sikio linashtuka kidogo, kisha linarudishwa nyumbani kabla halijajua limepelekwa wapi. Ukiiondoa C hiyo, unabaki na wimbo mzuri wa kuchezea dansi. Ikiwemo, unauota hata baada ya siku mbili.

Jumatatu ya tarehe 11 Februari 1963 waliingia Studio Two ya EMI, Abbey Road, London. Nyimbo nne kati ya 14 za albamu zilikwisha kutoka kwenye santuri ndogo. Kumi zilizobaki zilirekodiwa siku hiyo moja, asubuhi hadi karibu saa tano usiku, huku Lennon akiwa na mafua. Mchana, Martin, fundi mitambo Norman Smith na msaidizi wao walikwenda kula baa ya jirani. Wanamuziki walibaki studio wakinywa maziwa na kufanya mazoezi.

Mashine waliyotumia ilikuwa na njia mbili tu za kurekodia: vyombo vyote njia moja, waimbaji njia ya pili. Leo gitaa likikosea napiga tena gitaa peke yake. Wao hawakuwa na nafasi hiyo. Solo ya George Harrison ilipigwa pale pale, gitaa la Lennon, besi na ngoma za Ringo Starr zikiendelea chini yake, na McCartney akiimba huku akipiga besi. Kosa la mmoja lilikuwa la wote. Mapatano yote, nani aingie lini na nani anyamaze, yalipaswa kuwa tayari kabla mlango wa studio haujafungwa, na bendi hii iliyakamilisha mbele ya watu waliokuwa wakicheza.

Walipiga teki tisa asubuhi, na iliyofaa zaidi ilikuwa ile ya kwanza. Mchana waliongeza makofi. Kwa kuwa njia zote mbili zilikuwa zimejaa, teki ya 1 ilinakiliwa kwenye utepe wa pili huku makofi yakipigwa, na kila nakala ya utepe huongeza mvumo kidogo. Martin aliukubali mvumo huo ili ayapate makofi.

Tarehe 25 Februari aliukata utepe, akaunga hesabu ya teki ya 9 mbele. Awali alikuwa amefikiria kuirekodi bendi ikiwa mbele ya watu wake, klabu ya Cavern, Liverpool, akaona ukumbi ule hautafaa kwa sauti. Hesabu ile iliirudisha Cavern kwa mlango mwingine: kabla hujasikia noti hata moja, umekwisha kuwekwa chumbani pamoja na bendi. Wapo wanaoona kukata na kuunga ni kumdanganya msikilizaji. Siwaungi mkono. Hesabu ni ya mwimbaji yule yule, asubuhi ile ile, kwa wimbo ule ule. Martin alichagua dakika ambayo McCartney alikuwa na moto zaidi.

Albamu, Please Please Me, ilitoka tarehe 22 Machi 1963. Ukitaka kuisikia kazi yenyewe, tafuta toleo lake la zamani la stereo na uvae vipokea sauti. Vyombo viko kushoto, waimbaji kulia, kwa sababu ndivyo zilivyokuwa njia mbili za utepe. Vua upande wa kulia na uifuate besi peke yake kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisha badilisha sikio, uingoje C.