Vipepeo na Kereng'ende Katika Picha

Mvua za masika zikiisha, majani yangali mabichi na jua limeanza kuwaka tena, njia za mashambani na kando za vijito hujaa vipepeo. Mtu akienda matembezi siku hizo huwaona kila hatua: huyu ametua juu ya ua, yule ameshuka njiani kunywa unyevu wa tope, na wengine wawili wanafukuzana hewani kama watoto wachezao. Watu wengi huwatazama, husema, "Wazuri kweli," kisha hupita. Lakini atakaye kujua yule ni kipepeo gani, na ana kazi gani mahali pale, huona upesi kwamba macho peke yake hayatoshi. Kipepeo hangoji kutazamwa. Akiisha kuruka, mtazamaji hubaki na kumbukumbu ya rangi tu, na katika mambo yote ya vipepeo hakuna lidanganyalo kuliko rangi.

Yuko kipepeo mmoja aliyeenea katika Afrika Mashariki yote, pwani na bara, ambaye wataalamu humwita Danaus chrysippus. Mabawa yake yana rangi ya chungwa lililoiva, na ncha za mabawa ya mbele ni nyeusi zenye mabaka meupe. Huruka polepole bila hofu, maana ndege wengi hawamtaki. Kiwavi wake hula mimea yenye utomvu mweupe kama maziwa, na katika utomvu huo mna sumu. Sumu humwingia kiwavi mwilini, nayo hukaa humo hata amekwisha kugeuka kuwa kipepeo. Ndege aliyeonja uchungu huo mara moja huikumbuka rangi ile, asimguse tena mwenye kuivaa.

Sasa yuko kipepeo wa pili, Hypolimnas misippus, ambaye hana sumu hiyo. Dume ni mweusi, mwenye mabaka makubwa meupe yaliyozungukwa na mng'ao wa zambarau. Lakini jike hafanani na dume hata kidogo: amevaa rangi ya chungwa, ncha nyeusi na mabaka meupe, kama Danaus. Hata kuruka, huruka polepole kama yeye. Basi ndege amwonaye hudhani ni yule mchungu, humwacha. Na mwanadamu naye hudhani vivyo hivyo. La ajabu zaidi ni kwamba wako Danaus wengine, hasa katika Kenya, wasio na weusi katika ncha za mabawa, na majike wa Hypolimnas nao wana aina yao isiyo na weusi huo.

Alama iwatengayo ni ndogo. Juu ya bawa la nyuma la Danaus, karibu na katikati, mna madoa meusi matatu. Dume ana la nne, nalo ni kifuko cha harufu ya kumvutia jike. Mwigaji wake ana doa moja tu, nalo liko karibu na ukingo wa mbele. Lakini ni nani awezaye kuhesabu madoa matatu juu ya bawa lipepealo? Hapo ndipo faida ya kamera inapoonekana. Kipepeo ataruka aende zake, lakini picha hutulia. Mtu aweza kuichukua nyumbani, kuikuza, kuhesabu madoa kwa kidole, na kumwonyesha mwingine ajuaye zaidi.

Zamani mtu aliyetaka kuwajua wadudu alichukua wavu, akawanasa, akawaua, akawachoma pini juu ya ubao. Mikusanyo ya namna hiyo imo katika nyumba za makumbusho hata leo, nayo haidharauliwi, maana wako wadudu wasiotambulikana ila kwa kushikwa na kuchunguzwa kwa kioo cha kukuza. Walakini mwanafunzi hana haja ya kuua kipepeo ili ajue jina lake. Hata kumshika kwa vidole ni kumdhuru. Ule unga ubakiao mkononi si vumbi. Ni magamba madogo sana yaliyopangwa juu ya bawa kama vigae juu ya paa, na rangi zote za kipepeo zimo katika magamba hayo. Yakipukutika hayaoti tena.

Siku hizi simu nyingi za mkononi zina kamera, na picha ya simu yafaa kabisa mpigaji akijua kumkaribia mdudu. Hii ndiyo kazi yenyewe, wala haifundishwi na simu. Wakati mzuri ni asubuhi, jua likiisha kupanda kidogo. Mwili wa kipepeo hauna joto lake wenyewe la kutosha. Akipoa usiku hawezi kuruka mpaka ajipashe moto. Kwa hiyo asubuhi hutua juu ya jani au jiwe, akatandaza mabawa yake juani, akatulia. Ifikapo saa sita amekwisha kupata moto, na mwenye kumfuata hupata jasho bure.

Mpigaji na aende polepole, akiinama, asiinue mkono ghafula. Zaidi ya yote auangalie uvuli wake. Kivuli kikimwangukia kipepeo, hurukia mbali papo hapo, kwa maana huenda ni kivuli cha ndege ajaye kumla. Picha ya kwanza ipigwe kwa mbali, ili kama akiruka pasikosekane kitu. Kisha hatua moja, picha nyingine. Hatua moja tena, picha nyingine. Kamera ielekee bawa uso kwa uso, kama mtu asomavyo kitabu. Ikishikwa upande, ncha moja ya bawa huonekana wazi na nyingine huwa kama imefunikwa na ukungu. Tena mpigaji ajaribu kupata sura mbili, upande wa juu na upande wa chini wa mabawa. Wengi walio na rangi kali juu huwa na rangi ya majani makavu chini, na mara nyingi alama za kuwatambulisha zimo upande huo usiopendeza.

Mahali pa kuwatafuta si maua peke yake. Madume wengi hukusanyika penye tope au mchanga wenye unyevu, wakifyonza chumvi iliyomo. Wako wakubwa wenye nguvu, wa jamii ya Charaxes, ambao hawajali maua. Hao hufuata matunda yaliyooza na hata mavi ya wanyama, na mtu awezaye kuvumilia harufu atapata picha njema. Wengine hupanda vilele vya vilima, kila dume akilinda mahali pake. Na nyumbani kabisa, juu ya mndimu au mchungwa, hupatikana viwavi wa Papilio demodocus, yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano. Kiwavi wake mchanga ana rangi ya kahawia na nyeupe, na akitulia juu ya jani hufanana na kinyesi cha ndege, hata ndege mwenyewe humpita. Akikua huwa wa kijani. Na akiguswa hutoa nyuma ya kichwa pembe mbili laini zenye harufu kali. Mwanafunzi aliye na mndimu karibu na mlango aweza kumpiga picha kila siku, tangu yai hata bundo, pasipo kwenda matembezi.

Kereng'ende ni habari nyingine. Watoto wengi huwajua kwa kuwakamata na kuwafunga uzi mkiani, mchezo usiomfaa mchezaji wala mchezewa. Wako wa namna mbili. Wale wanene hukaa wametandaza mabawa, na macho yao ni makubwa, mara nyingi hata yamekutana juu ya kichwa. Wale wembamba wana mwili kama sindano, macho yametengana, moja huku na moja huku, na wengi wakitua huyakunja mabawa yao juu ya mgongo. Wanene huruka kwa nguvu na huonekana hata mbali na maji. Wembamba huruka kwa unyonge, hapa na pale kando ya maji, nao ndio wampao mpiga picha mateso na furaha kubwa zaidi. Mwili wao ni mwembamba mno, hata kamera nyingi huyaona majani yaliyo nyuma kuliko mdudu aliye mbele. Dawa yake ni kungoja mpaka atue juu ya ukoka ulio peke yake, maji yakiwa mbali nyuma yake.

Hapa pia rangi hudanganya. Kereng'ende aliyetoka majini leo ni mweupe-mweupe, hana rangi yake bado. Itamjia baada ya siku kadhaa. Jike naye mara nyingi ni wa rangi hafifu, dume akiwa wa buluu au mwekundu. Kwa hiyo wakionekana wawili wameshikana, dume amemkamata jike shingoni kwa ncha ya mkia, mpigaji apige upesi, maana picha hiyo moja itamjulisha wote wawili. Katika vijito vya mawe huonekana mmoja aitwaye Platycypha caligata, ambaye miguu ya dume ni mipana, yenye nyekundu na nyeupe. Akimtaka jike husimama hewani mbele yake akimtikisia miguu hiyo kama mchezaji ngoma. Picha humwonyesha miguu. Ngoma yenyewe haimo, na hiyo ni hasara ya picha zote.

Picha isiyo na maandiko ni nusu ya picha. Iandikwe siku, mwezi na mwaka, mahali, na mdudu alitua juu ya mmea gani. Faida ya kuandika mwezi yaonekana katika habari ya kipepeo Precis octavia. Wakati wa mvua huwa mwekundu wa chungwa, mwenye madoa meusi. Wakati wa ukavu huwa wa buluu iliyoiva, na mstari wa madoa mekundu karibu na ukingo. Kwa kuwatazama, kila mtu angesema ni vipepeo wawili. Na wataalamu walisema hivyo, wakawapa majina mawili. Mwaka 1898 Mwingereza Guy Marshall, aliyechunguza wadudu katika nchi iitwayo leo Zimbabwe, alitangaza kwamba amefuga viwavi waliotoka katika mayai ya mmoja, akapata vipepeo wa rangi ya pili. Siku hizi yajulikana kwamba joto au baridi impatayo kiwavi ni sababu kubwa ya tofauti hiyo. Picha mbili za mahali pamoja, moja ya mwezi wa mvua na moja ya mwezi wa ukavu, humweleza mwanafunzi jambo hili. Zikikosa tarehe humpoteza.

Kwa kereng'ende wembamba lililo kubwa ni mahali. Mtoto wa kereng'ende huishi ndani ya maji, na wengi wao huvuta pumzi kwa vijani vitatu vilivyo mwishoni mwa mwili wake. Maji yakichafuka au yakipata moto, wako wasioweza kuishi. Katika msitu wa Amani, kwenye milima ya Usambara ya Mashariki nchini Tanzania, yuko kereng'ende mwembamba aitwaye Amanipodagrion gilliesi. Jina lake la kwanza limetokana na Amani yenyewe, na la pili na Gillies, mtaalamu aliyechunguza mbu wa malaria huko. Kereng'ende huyu alipewa jina hilo mwaka 1962, na sehemu ajulikanayo kuishi ni ndogo sana, katika vijito vya msitu wa Amani. Msitu ukikatwa juu ya kijito, jua huingia, maji hupata moto, na mvua huteremsha udongo ukafunika mawe. Mdudu mwenye makao mengi huhamia kwingine. Huyu hana kwingine kujulikanako.

Kwa mdudu wa namna hii wavu haufai. Mpigaji husimama juu ya jiwe, hatii miguu majini kuyatibua, wala havunji matawi ili apate nafasi ya kamera, maana tawi lile ndilo kiti cha mdudu. Mahali halisi huambiwa wachunguzi na walinzi wa msitu, hapatangazwi kwa kila mtu. Picha moja yenye tarehe huonyesha kwamba siku ile kereng'ende alikuwapo, na kwamba kijito kilikuwa kingali na uvuli. Na mtu akirudi hapo mara tatu katika siku za jua, asimwone, hilo nalo huandikwa katika daftari, pamoja na tarehe zake zote tatu.