Kulipa juu ya kuanguka

Toka mbali, mbele hata ya kukata tikiti, tuliona shevalema. Mutu wa Kipushi hawezi kukosea: mnara wa chuma juu ya shimo, na magurudumu pale juu yenye kuzungusha kamba ya kaje. Muzee aliyekuwa nasi akasimama, akatoa kofia kichwani. «Hapa ni kazi,» akasema. «Mulisema tunaenda ku mchezo.»

Tulikuwa wane. Sisi wawili wa gazeti. Muzee, aliyepiga kengele ya kaje huko Kipushi mpaka kazi iliposimama 1993. Na mjukuu wake wa miaka 14. Tulifika Johannesburg kwa bisi, Kasumbalesa, Zambia, Zimbabwe, miguu imevimba kama mikate. Mtoto alikuwa na hesabu yake: mashini ngapi, atapanda ngapi, na ipi ya kwanza. Sisi nasi tulikuwa na yetu. Wasomaji wengi wa ukurasa huu wana ndugu Johannesburg, na likizo ikifika batoto wanalilia kupelekwa Gold Reef City juu ya montanye rusi, zile treni za mchezo zenye kupanda polepole na kuanguka kwa nguvu. Tulitaka kuwaambia kama inafaa feza yenu. Hatukujua kwamba tutarudi tukizungumza habari ya kamba.

Parki iko upande wa kusini wa mji, karibu na vilima vya rangi ya manjano. Vilima hivyo havikuumbwa na Mungu. Ni mchanga ulioachwa nyuma zahabu ilipotolewa, sawa vile sisi tuko na teri yetu nyeusi pale Lubumbashi. Zahabu ya huku ilijulikana 1886, na mji wote ulizaliwa juu yake. Parki yenyewe imejengwa juu ya shimo namba 14 ya Crown Mines, mgodi uliofungwa 1971. Nyumba zake zinaigiza zile za wakati wa kwanza wa zahabu, na vitu vingi vimepewa majina ya kazi ya chini. Kuko mashini moja inaitwa Miner's Revenge, ni kusema Kisasi cha Mchimbaji. Muzee aliuliza kisasi juu ya nani. Hakuna aliyemjibu.

Tulianza na ndogo, Runaway Train, Treni Iliyotoroka. Mabehewa ya mgodi yanazunguka, yanatikisika, yanapiga kona, basi. Mama mwenye mtoto mdogo anaweza kupanda na kushuka akiwa na kitambaa chake kichwani. Tuliipenda kuliko tulivyofikiri, na muzee naye alikubali kupanda, mikono juu ya magoti kama mtu aliye kanisani.

Kumbe treni hii ndogo inafanana na nyanya wa hizi zote. Jina la montanye rusi linatoka ku vilima vya barafu ambavyo Warusi waliteleza juu yake zamani. Lakini reli yenyewe ina nyanya mwingine, na huyo alikuwa wa mgodi. Katika mji wa Mauch Chunk, Pennsylvania, Marekani, walijenga mwaka 1827 reli ya kushusha makaa toka mlimani. Hakukuwa mashini ya kuvuta: behewa lilishuka kwa uzito wake lenyewe, mtu mmoja ameshika breki. Nyumbu ndio walirudisha mabehewa matupu juu, na wakati wa kushuka nao walipakiwa ndani ya behewa lao, wakiteremka kama wakubwa. Baadaye watu wa mji wakaanza kulipa ili washuke vile, bila kazi yoyote, paka juu ya kusikia moyo unapanda ku koo. Makaa yalipopata njia nyingine, reli ile ikabaki ya watalii tu. Mwaka 1884 LaMarcus Thompson akafungua yake pale Coney Island, New York, senti 5 kwa mtu, mwendo wa kilometre 10 hivi kwa saa. Mutu wa baiskeli angeipita.

Toka pale tulikwenda ku Golden Loop. Hii iko na historia ambayo watu wa Katanga wataipenda: ni okazio. Ilianza kazi 1977 katika parki ya Carowinds, Marekani, ikafanya kazi kule mpaka 1988, ikafunguliwa bulo kwa bulo na kuletwa huku, sawasawa na kamio zetu. Haina maneno mengi. Inakurusha mbele, inakupitisha kichwa chini ndani ya duara moja, inapanda ku reli inayokwisha hewani, inasimama nukta moja, halafu inarudi nyumanyuma na kukupitisha duara lile lile bila kuona unakokwenda. Kurudi ndiko kubaya, na ndiko kuzuri. Mtoto alishuka akicheka mpaka machozi. Sisi tulitafuta mahali pa kukaa.

Anaconda, ya 1999, ni kitu kingine. Hapa reli iko juu ya kichwa, na wewe unaning'inia chini yake, miguu wazi hewani. Metre 34 kwenda juu, kilometre 90 kwa saa, na inakupindua mara nyingi hata unapoteza hesabu. Kama unataka kujua kama mtoto wako amekuwa mkubwa, mpandishe pale. Ushauri wetu: viatu vya wazi muviache ku mama aliyebaki chini, na musile kwanza. Kati ya treni zote za parki hii, kwetu Anaconda ndiyo iliyotengenezwa vizuri zaidi, kwa sababu woga wake una mwanzo, katikati na mwisho, kama hadisi yenye kusimuliwa na mtu anayejua.

Lakini hakuna anayetoka Gold Reef City akizungumza Anaconda. Wote wanazungumza Tower of Terror, Mnara wa Hofu.

Ilifunguliwa 2001. Kigari kinavutwa wima ndani ya mnara wa metre 34, kinasogezwa mpaka ukingoni, kinasimama pale uso wenu ukiangalia chini. Halafu kinaachiliwa. Kinaanguka metre 47. Msomaji mwenye kupiga hesabu ameisha kuona: mnara ni 34, anguko ni 47. Metre 13 zile zingine ziko ndani ya ardhi. Kigari kinaingia ndani ya shimo, giza, kilometre 95 kwa saa, na pale chini kinapopinda ili kitoke, mwili wako unakuwa na uzito mara 6.3. Mtu wa kilo 70 anapima kilo 441. Ni sawa vile wakuwekee juu ya kifua zaidi ya mifuko saba ya simenti, halafu waitoe mbele hujapata nafasi ya kulia.

Mmoja wetu alipanda na mtoto. Mwenzake alibaki chini na muzee, na habari ya wale waliobaki chini ndiyo ndefu.

Muzee hakuangalia watu wanaolia. Alifunga macho, akasikiliza. Kigari kilipanda mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. «Sauti ni ile ile,» akasema. «Ni muzuri. Siku sauti inabadilika, usipande.» Halafu akataka tumwulize kijana wa mashini kwa Kiingereza: leo asubuhi, nani alishuka wa kwanza? Kijana akacheka kidogo, lakini akajibu vizuri. Hakuna mtu. Kila asubuhi kinashushwa kitupu kwanza, ndipo watu. Na kila abiria, chuma cha mabegani kinavutwa kwa mkono, hata kama taa imeonyesha kwamba kimefungwa.

Muzee alifurahi na jibu lile kuliko na kitu chochote kingine siku ile. «Na sisi tulifanyaka vile. Kaje inashuka bure kwanza. Mukubwa akikasirika kwamba unachelewesha posti, unamwambia apande yeye.»

Akakaa ku benchi, akaanza kutusimulia mambo ambayo sisi tulikuwa tumeyasoma tu. Mei 10, 1995, pale Orkney, mgodi wa Vaal Reefs, ni mwendo wa saa chache na gari toka parki hii: lokomotive ilitumbukia ndani ya shimo, ikaangukia kaje yenye kujaa wachimbaji. Watu 104 walikufa. Na Novemba 2023, mgodi wa platini karibu na Rustenburg, posti imekwisha, watu wanapanda kurudi nyumbani, kaje ikaanza kushuka yenyewe. Watu 13. «Wale hawakulipa tikiti,» muzee akasema. Mnara ukashusha wengine tena, wakalia, wakatoka upande wa pili wakipigapiga mikono.

Hatusemi kwamba mchezo ule ni mbaya. Mwenzetu aliyepanda alishuka mweupe kama unga wa kasava, na saa moja nyuma alikuwa anataka kurudi. Tunasema tu kwamba mtu aliyefanya kazi ndani ya kaje anauona kwa jicho lingine, na kama una baba wa namna hiyo nyumbani, umwulize kwanza mbele ya kumvuta mkono.

Ajabu ni kwamba muzee, aliyekataa mnara, ndiye aliyetuvuta ku shimo la kweli. Kuko safari ya chini: wanakupa kaske na taa, unaingia kaje, unashuka metre 75 ndani ya shimo namba 14. Kipushi, pwi ya tano inapita metre 1,200, basi kwake ilikuwa kama kushuka ngazi za kanisa. Lakini alipoingia kaje alisogea penyewe bila kuambiwa, ku kona, mkono karibu na mahali pa kengele, na akaangalia kama wote wameingiza viwiko ndani. Chini, mwenye kuongoza alieleza namna walivyotoboa mwamba kwa mkono, nyundo na chuma, na taa ya mshumaa. Halafu akaomba wote wazime taa.

Giza lile ninyi munalijua. Wageni walichekacheka. Ndani ya giza tulisikia mtoto anauliza:

«Kambo, Papa anashukaka na kaje sawa hii?»

Baba yake mtoto anachimba upande wa Kolwezi. Haiko ku kampuni, ni krezeri.

«Hapana. Na kamba.»

«Na chuma ya ku mabega?»

«Hapana, mwana.»

«Sasa nani anavutaka ku kamba kuangalia kama iko muzuri?»

Taa zikawashwa. Muzee alikuwa ameshika bega la mtoto, na hakujibu mpaka tulipofika juu.

Sheria yetu inasema shimo la krezeri lisipite metre 30. Anguko la Mnara wa Hofu ni 47, na kila mtu wa Kolwezi anajua mashimo yaliyopita zote mbili. Ku parki, juu ya nukta chache za kuanguka, kuko mtu wa kuvuta chuma, mtu wa kuangalia taa, kigari kitupu cha asubuhi, na ubao wa kupima urefu wa mtoto ili asiyefika arudishwe kwa mama yake. Mtoto wa miaka 14 ndiye aliyeweka vitu hivi viwili pamoja. Sisi wakubwa tulikuwa tunapima kama treni inapendeza.

Jioni, muzee aliomba telefone. Alimwita mwana wake Kolwezi, wakaulizana habari ya nyumba, nvula, bei. Halafu akasema: «Ile kamba yako uliinunua lini?» Tulisikia tu upande wake. «Hapana, sikuulizi kama ni nguvu. Naulizia lini.» Akasikiliza sana. «Kesho asubuhi muteremushe mufuko wa mawe kwanza. Uzito wako wewe. Mbele ya mutu. Kila asubuhi. ... Bacheke. Bakicheka, uwaambie bapande bo.» Akamaliza, akarudisha telefone, akauliza kama kuko chai.

Kwa wale watakaokwenda: mufike mapema, kwa sababu muchana milongo ya Anaconda na ya Mnara inakuwa mirefu, na muulize mbele siku za kufungua, parki haifunguki siku zote za juma. Batoto wadogo muwapeleke ku Runaway Train na ku gurudumu kubwa, ambalo toka juu unaona mji na vilima vya manjano vyote. Ngoma ya mabote, ile wachimbaji wa zamani waliyocheza kwa kupiga viatu vya mpira, musiikose. Ni bora kuliko mashini nusu. Safari ya shimo muiweke nyuma ya michezo, isiwe mbele, batoto wakiwa wamechoka kidogo na wanasikiliza. Na kama mumebaki na nguvu, jirani kabisa kuko Museum ya Apartheid, ya 2001, lakini hiyo inataka siku yake.

Mtoto alipanda Mnara mara tatu. Mara ya tatu, mbele ya kigari kuondoka, tulimwona anavuta chuma chake mwenyewe kwa mikono miwili, halafu cha jirani yake, mama mmoja asiyemjua.