Mlipuko Ukibisha Hodi, Nyumba Iwe Imejipanga

Machi 17, 2020 nilikuwa kidato cha nne. Siku moja tu baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini, tuliambiwa shule zinafungwa. Nisiwadanganye, tulishangilia. Nilifika nyumbani Morogoro nikamkuta mama ameshaanza maandalizi. Alinipa hela nikanunue malimao, tangawizi na kitakasa mikono. Nilirudi na malimao na tangawizi tu, maana kitakasa mikono kilikuwa kimepanda bei mpaka hela haikutosha. Wiki chache baadaye tukawa tunapiga nyungu kwa zamu, watu saba na blanketi moja. Tukajiona tumejipanga kweli kweli.

Kwa tunavyojua sisi, korona haikuingia nyumbani kwetu. Aliyeumia ni bibi, na wala hakuumizwa na korona. Bibi alikuwa anatumia dawa za presha na kila mwezi alikwenda kliniki. Aprili tukakubaliana asiende, kwa sababu hospitali ndiko wagonjwa waliko. Hatukukubaliana nani akamchukulie dawa. Mimi nilidhani baba mdogo ameshaenda, baba mdogo akadhani mama ameshaenda. Bibi mwenyewe alinyamaza, hakutaka kutusumbua. Alikaa wiki tano bila dawa. Mwezi Mei akaanguka bafuni, kiharusi. Mpaka leo mkono wake wa kulia haushiki kijiko.

Ndiyo maana ninaandika makala hii. Wengi wetu tukisikia habari za janga tunawaza barakoa na kukimbilia dukani. Vitu vinahitajika, sikatai. Lakini nyumba iliyojipanga ni ile ambayo kila kazi ina jina la mtu kabla ugonjwa haujafika. Hebu tupitie kazi zenyewe.

Jua ugonjwa unaingilia wapi

Magonjwa ya mlipuko hayafanani, na kinga ya ugonjwa mmoja haiwezi kutosha kwa mwingine. Korona na mafua makali husafiri kwa hewa na matone ya mate, kwa hiyo silaha ni madirisha wazi, barakoa na kupunguza msongamano. Kipindupindu huingia kwa maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Hapo barakoa haikusaidii kitu. Chemsha maji, funika chakula, safisha choo, nawa mikono kwa sabuni.

Marburg ni habari nyingine. Mlipuko wa Kagera ulitangazwa Machi 21, 2023 na kumalizika Juni 2 mwaka huo, na Januari 2025 ugonjwa ukatangazwa tena mkoani humo, wilayani Biharamulo. Wenyewe huambukiza kwa kugusa damu, matapishi na majimaji mengine ya mwili wa mgonjwa au wa marehemu. Mgonjwa anayeshukiwa kuwa na Marburg hauguzwi nyumbani, na maiti yake haioshwi na ndugu hata kama mila inadai. Mkalishe peke yake, msimguse, pigeni 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya. Iandikeni mahali ambapo hata mtoto wa darasa la tatu ataiona.

Chumba kimoja, muuguzi mmoja

Kwa magonjwa yanayoruhusu mgonjwa kubaki nyumbani, kama korona isiyo kali, amueni mapema atalala wapi. Najua mnachowaza: nyumba yenyewe vyumba viwili, kujitenga kutoka wapi? Basi tengeni kona. Kitanda kiwe karibu na dirisha, wengine walale mbali kadiri inavyowezekana, mgonjwa awe na sahani, kikombe na taulo lake. Na ile sinia ya kula pamoja ipumzike kwanza.

Muuguzi awe mmoja, mzima wa afya, asiwe mzee wala mwenye maradhi ya kudumu. Kwetu kazi hii humwangukia mama bila mjadala, wakati mama huyo huyo ndiye anayepika na ndiye anayemhudumia bibi. Jadilini. Kijana wa miaka 20 anaweza kupeleka uji na kufua mashuka, hata akiwa wa kiume.

Mahali pasipo na bomba, kibuyu chirizi kinatosha: dumu dogo, kamba, kijiti cha kukanyagia, na sabuni pembeni. Mikono isuguliwe angalau sekunde 20. Pakichafuka kwa matapishi au kuhara, changanya kipimo kimoja cha dawa ya klorini ya asilimia 3.5 na vipimo sita vya maji. Soma lebo kwanza, maana nguvu zake hutofautiana. Maji hayo ni ya sakafu na ndoo, si ya kunywa wala kunawia, na usiyachanganye na dawa nyingine ya kusafishia.

Wa kuhara apewe maji ya chumvichumvi ya pakiti. Pakiti ikikosekana, chukua lita moja ya maji safi, vijiko vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote mfuto. Mpe akiwa njiani kwenda kituo cha afya, siyo badala ya kwenda.

Akiba isiyoumiza mfuko

Kwetu tulikula kilo mbili na nusu za unga kwa siku. Wiki mbili za kutotoka ni kilo 35. Ukizinunua kwa mpigo siku ya hofu, utalipa bei ya hofu, na jirani atakosa. Ongeza kilo tatu kila wiki, na ndani ya miezi mitatu umezifikisha. Kuleni za zamani kwanza, mpya ziwe nyuma. Kwa akiba chagua sembe, kwa sababu dona huharibika mapema. Maharage, dagaa wakavu, chumvi, mafuta na mkaa au gesi vifuate mtindo huo huo. Na hela kidogo ibaki kwenye simu kwa ajili ya nauli ya hospitali, isiguswe.

Dawa za kila siku

Hapa ndipo sisi tuliposhindwa. Presha, kisukari, pumu, dawa za kufubaza virusi, uzazi wa mpango: vyote hivi havisubiri janga liishe. Andikeni jina la mgonjwa, dawa, kipimo, tarehe ya kliniki na jina la mtu wa kwenda. Muulizeni mhudumu wa afya kama mnaweza kupewa za kuwatosha zaidi ya mwezi. Halafu mtu mmoja azihesabu vidonge kila Jumapili. Usimuulize mzee kama dawa zipo, atakwambia zipo. Hesabu.

Daftari la mtoto

Mimi ni mwalimu mtarajiwa, siwezi kuacha hili. Shule za msingi na sekondari zilifunguliwa Juni 29, isipokuwa kidato cha sita waliotangulia Juni mosi. Mdogo wangu wa darasa la pili alirudi akiwa amesahau kusoma silabi alizoziweza Machi. Vipindi vya redioni na kwenye runinga vilikuwepo, ila hakuna aliyekaa naye. Nusu saa kwa siku, kitabu kimoja, mkubwa mmoja aliyepangiwa. Inatosha kumshikilia.

Na sisi wa geto je?

Geto la watu wanne ni nyumba pia. Nani ana pumu humu ndani? Nani tunampigia kwao akizidiwa? Boom likichelewa na chuo kikafungwa, nauli ipo? Kaeni dakika 20 mjibu, kisha chai iendelee.

Likizo iliyopita nilikaa na familia yetu tukaandika karatasi moja tu. Imebandikwa ndani ya mlango wa kabati la vyombo. Mstari wa kwanza unasema dawa za bibi, na mbele yake kuna jina langu. Nikiwa chuoni, kila Jumapili jioni nampigia mdogo wangu anihesabie vidonge kwenye simu, kimoja kimoja. Bibi hulalamika kwa nyuma kwamba tunamaliza salio. Tunaendelea kuhesabu.