Tunamshukuru Mungu, maji yamechukua lote

Mwulize mkulima wa Njinjo habari za shamba katika mwaka wa mafuriko. Atajibu, "Tunamshukuru Mungu," atanyamaza kidogo, ndipo aongeze, "maji yamechukua lote." Mgeni anaweza kudhani kwamba anaficha uchungu. Hafichi. Kwetu shukrani hutangulia na habari hufuata, hata habari yenyewe ikiwa ya msiba.

Njinjo ni kata ya Wilaya ya Kilwa, upande wa bara, kwenye barabara itokayo Nangurukuru kwenda Liwale. Mto Matandu ndio riziki ya bonde lile: tope linaloachwa na maji hustawisha mpunga na mahindi, na ufuta wa mashamba makavu ndio unaoleta fedha mkononi. Mwishoni mwa Januari 2020 mto huohuo ulifurika. Mkoani Lindi watu wasiopungua 20 walikufa, na maelfu wakakosa makazi. Wapo walioponea juu ya miti na mapaa ya nyumba. Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, mvua zilirudi na kuikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi huko Somanga.

Kumwambia aliyefikwa na hayo kwamba ashukuru ni jambo zito, na sisi tuliolala pakavu tujihadhari nalo. Neno hilo lina uzito likitoka kinywani mwake mwenyewe. Nabii Ayubu, anayeheshimiwa na Waislamu na Wakristo, alimlilia Mola wake waziwazi juu ya dhara lililompata, na hakuna anayesema alikosa subira. Mkulima naye akishasema alhamdulillahi huamka asubuhi kwenda ofisi ya kijiji kuulizia mbegu, chakula na kiwanja cha mwinukoni. Ana haki ya kuulizia.

Shukrani huendana na unyenyekevu, na Kilwa ina kumbukumbu yake ya kale. Msafiri Ibn Battuta alifika mwaka 1331, akamkuta Sultani Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abul Mawahib, baba wa zawadi, kwa ukarimu wake. Anasimulia kwamba sultani alikuwa akikaa na mafakiri na kula nao. Siku moja, sultani akitoka swala ya Ijumaa, fakiri mmoja kutoka Yemen alimwomba nguo alizovaa. Sultani akarudi ndani, akabadili, akampa. Kisa hiki kinagusa, lakini kisemwe chote: sultani huyohuyo alikuwa akivamia watu wa bara, na miongoni mwa zawadi alizomwongezea fakiri yule walikuwemo watumwa.

Kwa hiyo nikitafuta shukrani iliyo safi zaidi, nalitazama sinia la wali. Wanaolizunguka wamenawa, bismillahi imesemwa, kila mmoja anakula upande wake. Mtu akibisha hodi, wanasogea, goti juu ya goti. "Karibu, nawa mikono." Wali ni uleule, hakuna aliyeuongeza. Aliyehamishwa na maji akifika kwa ndugu yake mwinukoni hupewa nafasi hiyohiyo, na mwenye nyumba humsogezea mboga kabla hajaulizwa lolote.

Maji yakipungua, watu hushuka tena bondeni na majembe, tope likiwa bado bichi. Ukiwapita ukawapa pole, watakujibu, "Tushapoa," kisha watakuuliza habari za nyumbani kwako.