Ramani ya kiungo iko shingoni

UKISHIKA pedi kwenye banda la gemu na kuanza mechi, kuna vitu viwili unapewa bure ambavyo Frank Lampard hakuwahi kupewa pale Stamford Bridge. Cha kwanza ni kamera iliyokaa juu kama shabiki wa jukwaa kuu, inayokuonyesha sehemu kubwa ya uwanja. Cha pili ni ile ramani ndogo chini ya kioo, yenye vidoti vya wachezaji wote 22.

Ndiyo maana kila mtu mtaani ni fundi wa pasi za mwisho. Unamuona winga anachomoka, unabonyeza, mpira umefika. Shingo yako haina kazi yoyote.

Uwanjani ni habari nyingine kabisa. Kiungo amesimama katikati, mpira unatoka kwa beki wake, na nusu ya uwanja iko mgongoni kwake. Hakuna vidoti wala kamera ya juu. Akitaka kujua nani anamjia kwa nyuma, lazima ageuze kichwa. Asipogeuza, anapokea mpira kama kipofu, na kinachofuata mnakijua: anapokonywa, timu inapigwa kaunta, jukwaa zima linamzomea.

Sasa, kuna watu wanaocheza gemu ambao shingo zao zinafanya kazi kweli kweli. Hao sio wa gemu za soka. Ni wale wa gemu za ndege. Na vifaa wanavyotumia vina ndugu zake ambao tayari wameingia kwenye soka.

ILIANZIA ANGANI

Marubani wa kivita wana msemo wao: ukimpoteza adui machoni, umeshapoteza pambano. Kwa hiyo kichwa cha rubani hakitulii. Anaangalia kushoto, kulia, juu, hadi nyuma ya mkia wa ndege yake.

Jeshi lililichukulia jambo hilo kwa uzito mkubwa. Kwenye helikopta ya Marekani aina ya Apache, kofia ya rubani inafuatiliwa na mitambo. Anapogeuza kichwa, bunduki iliyo chini ya pua ya helikopta inaweza kugeuka naye.

Wacheza gemu nao wakataka kitu cha namna hiyo. Shida yao ilikuwa moja: kioo cha kompyuta kiko mbele tu. Ukigeuza kichwa kumtafuta adui aliye nyuma, unaishia kuangalia ukuta wa chumba chako. Wakawa wanabonyeza vitufe ili kugeuza kamera, huku mkono mwingine ukihangaika na usukani wa ndege.

Dawa yake ikaja. Kampuni ya NaturalPoint ya jimbo la Oregon, Marekani, inatengeneza kifaa kinachoitwa TrackIR. Ni kamera ndogo inayokaa juu ya kioo cha kompyuta na kuona mwanga wa infrared, ule ambao jicho la binadamu halioni. Mchezaji anavaa kofia au hedifoni yenye alama tatu. Kamera inazisoma alama hizo na kujua kichwa kimegeuka wapi.

Kwa nini tatu? Kwa sababu kwa alama tatu kompyuta inaweza kupiga hesabu ya miendo yote sita ya kichwa: kugeuka kushoto na kulia, kuinama na kuinuka, kulaza kichwa begani, kisha kusogea mbele na nyuma, pembeni, juu na chini.

Ujanja wenyewe uko hapa. Unageuza kichwa kidogo tu, macho bado yako kwenye kioo, lakini ndani ya gemu rubani wako anageuka hadi kuona nyuma ya bega lake. Kompyuta inaukuza mwendo wa shingo yako. Wasio na fedha ya kifaa hicho wanatumia programu ya bure iitwayo OpenTrack, ambayo inaweza kufanya kazi hata na kamera ya kawaida ya kompyuta.

PROFESA ALIYEHESABU SHINGO

Achana na ndege kidogo, turudi dimbani. Huko Norway kuna profesa anaitwa Geir Jordet wa chuo kikuu cha michezo jijini Oslo. Kwa miaka mingi amefanya kazi ambayo shabiki wa kawaida angeiona ya ajabu: kuhesabu mara ngapi mchezaji anageuza uso kutoka kwenye mpira kabla ya kuupokea.

Hahesabu kila mtikisiko wa kichwa. Anahesabu pale tu ambapo mchezaji ameacha kuangalia mpira na kutazama kwingine ili kujua nini kinaendelea.

Mwaka 2013 alitoa utafiti wa wachezaji 118 wa Ligi Kuu ya England. Aliyeongoza alikuwa nani? Lampard. Alikuwa anageuza kichwa mara 0.62 kwa sekunde, na Steven Gerrard alimfuata akiwa na 0.61. Weka hesabu hiyo kwenye sekunde 10 kabla ya mpira kufika: ni kama mara sita.

Hapo ndipo siri ya mabao ya Lampard inapoanza kueleweka. Watu walidhani ana bahati ya kukutana na mipira kwenye boksi. Kumbe jamaa alikuwa ameshauona uwanja mapema, wengine wote wakiwa wanautazama mpira.

Xavi Hernandez naye hakuwa na mbio wala kifua. Mwenyewe aliwahi kueleza kwamba kazi yake uwanjani ni kutafuta nafasi, muda wote wa mechi. Nafasi haitafutwi kwa miguu. Inatafutwa kwa shingo.

Jordet na wenzake walirudi tena na utafiti mwingine mwaka 2020, safari hii wakiwachambua wachezaji wa Arsenal wa msimu wa 2017/18, msimu wa mwisho wa Arsene Wenger. Walikuta kwamba kuangalia pembeni kabla ya mpira kunasaidia pasi kufika, ila msaada wenyewe ni mdogo. Maana yake ni kwamba kugeuza kichwa peke yake hakukufanyi uwe Xavi. Lazima uone kitu, ukielewe, na mguu uweze kukitekeleza.

KIFAA CHAINGIA UWANJANI

Kuhesabu kwa macho kunachosha. Nchini Australia, mtafiti Thomas McGuckian na wenzake wakaja na njia nyepesi zaidi: waliwavisha wachezaji vijana kifaa kidogo nyuma ya kichwa, kikishikiliwa na mkanda, kisha wakawaacha wacheze mechi.

Kifaa hicho kinapima mzunguko na mwendo, kwa teknolojia ile ile inayoifanya simu yako ijue umeilaza au umeisimamisha. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2018. Waliogeuza kichwa zaidi kabla ya kupokea mpira walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kugeuka nao na kupiga pasi ya mbele. Wasioangalia ndio wale wa kurudisha nyuma kwa kipa.

Hatua iliyofuata ni mazoezi. Kampuni kama Rezzil ya Manchester na Be Your Best ya Norway zimetengeneza mazoezi ya soka ndani ya miwani ya uhalisia pepe. Miwani hiyo ina kioo ndani na vipimo vinavyofuata kila mwendo wa kichwa, kwa hiyo haihitaji ule ujanja wa kukuza mwendo. Ukigeuka, uwanja nao unageuka.

Ukiivaa, hauko tena jukwaani kama kwenye gemu ya banda. Uko katikati ya uwanja, kwenye urefu wa macho yako, mabeki wamekuzunguka na mpira unakuja. Ramani ya vidoti haipo. Unatakiwa uangalie, uamue, upige. Baadaye kompyuta inakuonyesha uliangalia mara ngapi.

Faida moja ni ya wazi: mchezaji majeruhi mwenye goti bovu anaweza kufanyisha kazi shingo na akili yake bila kukimbia hata hatua moja.

Lakini tusidanganyane. Ndani ya miwani hakuna beki anayekuvuta jezi, hakuna jua la saa kumi, hakuna mpira unaodunda vibaya kwenye uwanja wenye mashimo. Wapo pia wanaopata kizunguzungu wakikaa nayo muda mrefu. Na bei yake sio ya timu ya mchangani inayochangishana nauli.

MCHANGANI WANAFANYAJE?

Habari njema ni kwamba shingo haiuzwi dukani. Kuna zoezi la zamani ambalo kocha yeyote anaweza kulifanya kesho asubuhi. Mchezaji anasubiri pasi, kocha anasimama nyuma yake na kunyoosha vidole. Kabla mpira haujamfikia, mchezaji anatakiwa awe ameshageuka na kutaja ni vidole vingapi. Akikosea, anarudia.

Mwingine anaweka vijana wawili nyuma, mmoja na bipu nyekundu, mwingine ya njano. Mpokeaji anataja rangi iliyo huru, kisha anageuka na kupiga huko. Gharama yake ni bipu mbili.

Tatizo la vijana wengi wa mtaani ni kwamba wamelelewa na danadana na chenga. Wanasifiwa kwa kuuangalia mpira. Kijana anafika kwenye majaribio ya timu kubwa na miguu ya dhahabu, lakini mpira ukimfikia ndipo anaanza kufikiria. Kwa kasi ya mabeki wa leo, hapo ameshachelewa, na anarudi nyumbani akiamini amenyimwa nafasi kwa fitina.

Na shabiki naye ana la kufanya. Televisheni inafuata mpira, kwa hiyo shingo ya kiungo inakupita. Clatous Chama, Mwamba wa Lusaka, amevaa jezi ya Simba na ya Yanga, na pande zote mbili walimsifu kwa pasi ambazo wengine hawakuziona. Wengi waliangalia mguu wake tu.

Siku ukiwa uwanjani, uache mpira kwa sekunde 10. Chagua kiungo mmoja, mtazame kichwa tu wakati beki wake ana mpira. Kikigeuka mara tano au sita, jua hapo kuna mchezaji. Kikibaki kimetulia kama sanamu, usishangae pasi inayofuata ikirudi kwa kipa.